Bi Subiri, mpiga simu anayehesabu pumzi

Saa moja na dakika ishirini asubuhi. Simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari inatetemeka, inasogea kidogo mezani kama mdudu aliyechoka, kisha sauti ya kike iliyorekodiwa inaanza kuongea bila kukaribishwa.

"Ameshaamka huyo," anasema mwenye nyumba. "Kiherehere chetu."

Kiherehere ni jina ambalo wagonjwa wameipa programu ya simu ya kliniki. Hospitalini programu hiyo ina jina la maneno matano, na hata muuguzi anayeisimamia hulisoma kwenye karatasi. Kila asubuhi humwuliza mtu mwenye saratani ya mapafu maswali matano: pumzi, kikohozi, maumivu, homa na chakula. Mtu anabonyeza namba, kuanzia sifuri hadi kumi. Kiherehere anamrudishia ushauri wa siku: hili fanya mwenyewe, lile punguza, au kaa hapo hapo muuguzi anakupigia.

Mwenye nyumba ni mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi mweusi upande mmoja. Ameinama mbele, viwiko vyote viwili juu ya mto uliowekwa mezani, feni ndogo inampuliza usoni. Ukiingia bila kuambiwa utadhani anapigwa picha. Kumbe ndiyo ofisi yake.

"Nikikaa hivi kifua kinapata nafasi," anaeleza. "Nikiegemea nyuma kama mkurugenzi, pumzi inagoma kama wafanyakazi wake."

Majirani, watumishi wa zamani wa hospitali, na watu kumi walio kwenye orodha yake wote humwita Bi Subiri. Kazi yake ni kuwapigia simu wagonjwa wenzake, mara mbili kwa wiki kila mmoja, kuwauliza wanaendeleaje na kuwafundisha namna ya kuishi na mapafu yasiyotaka haraka. Yeye mwenyewe ana saratani ya mapafu, mwaka wa nne sasa.

Leo kazi hiyo ipo shakani, na shaka imekaa kwenye ncha ya kidole chake.

Swali la kwanza la Kiherehere ni hili: tangu utoke kitandani hadi umalize kuvaa, umepumzika mara ngapi? Jana Bi Subiri alipumzika mara sita, akabonyeza sita. Kanuni ya kliniki inasema mpiga simu akifika sita siku mbili mfululizo, anakaa kando mpaka aonwe na daktari. Hapigi simu hata moja. Na leo pia amehesabu sita.

Na saa tatu leo amepangiwa mtu mpya. Ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na minane, aliyeambiwa ugonjwa wake wiki tatu zilizopita. Tangu apewe Kiherehere amebonyeza sifuri kila siku.

"Simu ya kwanza ndiyo simu," anasema Bi Subiri. "Ukimkosa hapo, anajifungia."

Kidole kinaelea juu ya simu.

"Wifi," anasema mwanamke mwingine aliyesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani, "hicho kidole kinatafuta nini hewani? Namba ziko huku chini."

"Kinapumzika. Nacho kihesabiwe."

Huyo ni dada wa marehemu mumewe, na wanaishi pamoja mwaka wa kumi na mmoja. Wanataniana kuanzia chai ya asubuhi hadi taa inapozimwa. Bi Subiri anaigeuza simu kifudifudi. Kiherehere anavumilia mpaka saa tatu kasorobo, baada ya hapo anaanza kupiga kelele.

"Acha asubiri," anasema. "Mimi nimewasubirisha mpaka mawaziri."

Hilo si porojo. Kwa miaka ishirini na tisa mwanamke huyu alikuwa mwendesha swichibodi wa hospitali kubwa. Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na miwili, siku ambazo simu ya mkononi ingesimuliwa kwenye hadithi za majini. Chumba chao kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha. Ukutani kulikuwa na ubao wa matundu mia moja na ishirini, kila tundu na kitaa chake, na mbele yake nyaya zenye vichwa vya shaba zimejipanga kama watoto wa shule asubuhi.

Kitaa kikiwaka unachomeka waya, unasema jina la hospitali, unasikiliza, unachomeka waya wa pili. Katikati ya waya wa kwanza na wa pili ndipo alipokuwa akisema, "Subiri kidogo." Alilisema mara mia tatu kwa siku. Watu wakasahau jina alilopewa na baba yake.

"Nilikwenda kwenye harusi moja," anakumbuka, "bibi harusi ananitambulisha kwa mumewe, akakwama. Akasema huyu ni... huyu ni Subiri. Nikacheka mpaka kilemba kikaanguka."

Anapoongea habari za chumba kile uso wake unalegea. Anakumbuka harufu ya vumbi lililopata joto kwenye mitambo, na rangi ya kucha ya mwenzake wa zamu, aliyekuwa akipaka mkono mmoja huku mwingine ukiunganisha simu. Anakumbuka mkuu wa zamu na saa yake ya mkononi. Mpigaji akingoja zaidi ya sekunde kumi, mkuu alikohoa. Hakuwahi kugomba. Alikohoa tu, na kikohozi kile kilitosha kuharibu chakula cha mchana.

"Ukikaa pale miaka unajua mtu kabla hajataja shida," anasema. "Anayeulizia wodi ya wazazi anahema haraka, kicheko na woga vimechanganyika. Anayetafuta daktari usiku anapumua kwa mdomo. Anayeulizia mochwari hapumui kabisa. Unasikia kimya, halafu salamu."

Siku za mechi zilikuwa na utaratibu wake. Chini ya meza kulikuwa na redio iliyofunikwa kanga, na wodi zote zilijua. Kitaa kinawaka, wodi ya mifupa. "Ngapi ngapi?" Kinawaka cha maabara. "Bado moja bila?" Alipochoka kujibu, aliwaunganisha wote kwa pamoja na kuweka kipaza sauti karibu na redio. Kwa dakika tisini hospitali nzima ilikuwa na laini mbovu.

Sauti iliyotoka kwenye redio ile ilikuwa moja miaka yote, ya mtangazaji aliyeweza kuutoa mpira goli hadi goli bila kumeza mate.

"Tulikuwa tunamwonea huruma," anasema wifi, ambaye siku hizo alikuwa akisikiliza nyumbani na kaka yake. "Tunasema huyu bwana atakufa na pumzi yake mwenyewe."

Kisha ikaja mitambo mipya. Bonyeza moja kwa wodi, bonyeza mbili kwa maabara. Ubao ukafunguliwa nati, wanaume wawili wakaubeba na kuupitisha mlango wa jikoni kwa sababu ule wa mbele ulikuwa mwembamba. Chumba kikawa stoo ya mafaili. Bi Subiri akahamishiwa masjala, akakaa kimya miaka minane, akastaafu.

Kikohozi kilianza mwaka uliofuata. Alipewa dawa za mafua, za pumu, na za kitu ambacho daktari mmoja alikiita "uchovu wa kustaafu." Picha ya kifua ilipopigwa ilikuwa imechelewa kidogo, ingawa si sana. Anameza vidonge kila siku tangu hapo. Uvimbe haujaondoka, lakini umekaa kama mpangaji anayelipa kwa kusuasua.

Watu humwuliza swali lile lile. Ulikuwa unavuta?

"Nawaambia nilivuta, tena sana. Nilivuta nyaya miaka ishirini na tisa."

Kiherehere aliletwa miaka miwili iliyopita. Wagonjwa sabini na wawili walipewa, na wiki ya kwanza kliniki ilisherehekea. Sitini na mmoja walikuwa wakibonyeza sifuri kila asubuhi. Hawana shida. Ilionekana dawa inafanya kazi kuliko hata kule ilikotengenezwa.

Tatizo lilikuwa swali la kwanza la wakati ule. Waliotengeneza programu walitaka ionekane ina adabu, wakaifundisha kuanza kwa kusema, "Habari za asubuhi? Sifuri ni nzuri, kumi ni mbaya sana."

Na mtu akiulizwa habari za asubuhi, anajibu nini?

Siku ya tisa, seremala mmoja alibonyeza sifuri akiwa amekaa sakafuni bafuni, ambako alikuwa ameshindwa kunyanyuka kwa zaidi ya saa nzima. Mkewe ndiye aliyemkuta, simu ikiwa mkononi. Alipoulizwa hospitalini kwa nini alijibu vile, seremala alishangaa.

"Aliniuliza habari," alisema. "Nimwambie mbaya, na hatujuani?"

Bi Subiri, aliyekuwa mmoja wa wale sabini na wawili, aliisikia habari hiyo kwenye benchi la kliniki. Aliinuka, akapumzika kwenye ukuta, akaingia kwa muuguzi bila kupanga foleni.

"Sista," alimwambia, "mmewasalimia. Hamjawauliza."

Muuguzi anasema alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka. Swali likabadilishwa. Bi Subiri ndiye aliyependekeza kuhesabu mapumziko ya kuvaa, kwa hoja kwamba hakuna mtu aliyefundishwa na mama yake kudanganya idadi ya mara alizokaa kitandani akivaa soksi.

"Namba zilipanda wiki ile ile," anasema muuguzi. "Tukadhani wameugua wote kwa mkupuo. Kumbe ndiyo kwanza tunawasikia."

Baada ya hapo kliniki iliwaajiri wagonjwa wanne wawe wapiga simu, Bi Subiri akiwa wa kwanza. Posho yao haifiki robo ya mshahara wake wa zamani, pamoja na muda wa maongezi. Alipewa watu kumi na wanane. Siku ya kwanza alivaa gauni la kazini, akachana nywele, akakaa hapa mezani, akiwa peke yake na kopo la sukari.

"Alipaka na wanja," anasema wifi. "Nikamwuliza, simu imeanza kuona?"

Masikioni mwa watu wake, Bi Subiri ni nusu muuguzi, nusu shangazi mkorofi. Humwambia mtu akae kabla ya kuinama kufunga viatu. Humfundisha kutoa hewa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai. Humfundisha kugawa siku: jambo moja zito asubuhi, moja jioni, na katikati kusiwe na ushujaa.

"Usimalize pumzi yote kwenye viatu," huwaambia, "ukakosa ya kuongea na watoto."

Kisha, miezi mitano iliyopita, mwalimu alianza kuibia mtihani wake mwenyewe.

Wifi ndiye aliyeona. Usiku mmoja aliingia kuzima taa, akamkuta Bi Subiri amelala na gauni la kutokea, kola na vifungo vyote. Usiku wa pili, gauni jingine.

"Nikamwuliza, wifi, unasafiri? Akasema kuna baridi. Baridi gani, na mimi nalala bila shuka?"

Bi Subiri anatazama feni. Halafu anacheka, anakohoa, anacheka tena.

"Sikubonyeza uongo hata siku moja," anajitetea. "Swali linasema tangu utoke kitandani hadi umalize kuvaa. Nilikuwa natoka kitandani nimeshavaa. Moja. Siku nyingine sifuri."

Ukweli ni kwamba alikuwa akivaa jioni, kwa nusu saa, kidogo kidogo, akijua akivaa asubuhi namba ingefika saba. Na saba ingemnyang'anya simu.

Aliyemkamata hakuwahi kuingia chumbani kwake. Ni mmoja wa wale kumi na wanane, mzee ambaye Bi Subiri alimpigia kila Jumanne na Ijumaa, na ambaye sauti yake ilimfanya Bi Subiri aangushe kalamu walipoongea mara ya kwanza. Alikuwa mtangazaji wa mpira. Yule yule wa redio chini ya meza.

"Nilimwambia, bwana, wewe umewahi kulala hospitali yetu miaka ishirini bila kulazwa," anasema Bi Subiri.

Mtangazaji, ambaye wagonjwa wote wanamwita hivyo hivyo, sasa ana miaka sabini na mmoja na pafu moja na nusu. Bado anaongea kama kuna uwanja mbele yake. Kwa simu, anasimulia Ijumaa aliyomkamata kwa vituo vifupi.

"Bi Subiri anachukua mpira. Anakwenda. Anasimama, anavuta hewa. Anakwenda tena, hatua mbili, anavuta hewa. Mimi kazi yangu ilikuwa kujua pa kuvuta hewa ili msikilizaji asijue. Yeye alikuwa anavuta kila mahali."

Alimwacha amalize maswali yake. Kisha akamwambia, "Bi Subiri, zamani ulikuwa unafika goli la pili. Wiki ya tatu hii unaishia katikati ya uwanja. Wamekwambiaje hospitali?"

Bi Subiri akakata simu.

Anaposimulia hapo anavua miwani. "Miaka ishirini na tisa sikumkatia mtu laini. Walinitukana, sikukata. Mmoja alinipigia kila siku saa kumi jioni kunitongoza, sikukata, nilimwunganisha na mochwari. Siku ile nilikata."

Mtangazaji alipiga tena mara tisa. Mara ya kumi alipokea wifi. Alipojitambulisha, wifi alikaa chini.

"Marehemu kaka yangu alikuwa anamwita huyu bwana ndugu yake," anasema, "na hawajawahi kuonana. Nikasikia sauti ile, nikaona sebule yetu ya zamani, kaka amevua shati, sisi tumebanana kwenye mkeka. Nikasema hapa siwezi kuficha kitu. Nikamwambia habari za gauni."

Walizungumza dakika saba. Wifi alipoirudisha simu mezani, wanawake hao wawili walitazamana.

"Unajua nikisema kweli wananitoa," alisema Bi Subiri.

"Najua."

"Nikitolewa nabaki mgonjwa tu, wifi. Hapa mezani mimi ni mtu wa kazi."

"Na ukifa kwa gauni la kutokea," alisema wifi, "unabaki nani?"

Hawakusemeshana siku nzima, jambo ambalo wote wawili wanaapa halikuwahi kutokea tangu siku ya harusi. Usiku huo Bi Subiri alilala na gauni la kulalia. Asubuhi alivaa kama watu wengine, akahesabu saba, akabonyeza saba. Muuguzi alimpigia baada ya dakika kumi na nne. Maji yalikuwa yamejaa pembeni mwa pafu la kushoto. Yalitolewa lita moja na nusu.

"Lita moja na nusu," anarudia. "Nilikuwa natembea na ndoo ndani, nasema nzuri."

Alikaa wiki tano bila kupiga simu. Orodha yake alipewa Mtangazaji, ambaye wagonjwa walisema anafaa isipokuwa anatangaza kikohozi chao kwa sauti ya fainali. Bi Subiri aliporudi alianza na watu sita, akapanda hadi kumi. Fundi cherehani ndiye wa kumi na moja.

Sasa ni saa mbili na nusu. Simu bado imelala kifudifudi. Wifi amemaliza vyombo na amekuja kukaa, anakunja nguo ambazo zimeshakunjwa.

Mbele ya Bi Subiri kuna karatasi yenye maneno aliyoandika jana, ya kuanzia na fundi. Ameyafuta mara tatu. *Shikamoo* halipo, maana yeye ndiye mkubwa. *Habari* imekatwa kwa mistari miwili.

"Tano na sita ni majirani tu," anasema, kana kwamba anaongea na feni. "Naweza kubonyeza tano. Nampigia huyu mtoto, namtoa hofu. Kesho naandika kweli."

Wifi anakunja kitenge kile kile mara ya pili.

"Hiyo kesho," anasema, "si ndiyo ulikuwa unalala nayo kila siku?"

Bi Subiri anageuza simu. Anasikiliza swali mpaka mwisho ingawa analijua kwa moyo. Anabonyeza sita.

Anajibu manne yaliyobaki harakaharaka, kama mtu anayesaini karatasi asiyotaka kuisoma. Kisha anakunja karatasi yake na kuiweka chini ya kopo la sukari.

Dakika tisa baadaye muuguzi anapiga. Sauti yake inasikika chumba kizima.

"Mama, nimeiona. Leo hupigi."

"Najua."

"Jumatatu saa nne uje, daktari akuangalie. Huenda maji yamerudi. Homa huna?"

"Sina. Na fundi?"

"Mtangazaji atampigia."

"Mwambie asimtangazie. Huyo ameogopa."

"Nitamwambia. Nimweleze fundi kwa nini si wewe, au nimwambie una dharura?"

Bi Subiri anatazama dirishani. Mtoto wa jirani anapita akiburuta mfuko wa shule. Wifi ameacha kukunja.

"Mwambie kweli," anasema. "Mwambie nimepumzika mara sita, kwa hiyo leo nakaa."

Simu inakatika. Hii ndiyo saa ambayo angekuwa na mtu wa pili kwenye laini, amecheka mara moja, ameshauri mara tatu. Badala yake anahesabu vidonge vya wiki na kuvigawa kwenye kikasha, kazi aliyoimaliza jana.

"Kalale kidogo," anasema wifi.

"Nikilala nitaonekana mgonjwa."

"Wewe ni mgonjwa, wifi. Hospitali nzima ina faili lako. Lenyewe limenenepa kukushinda."

Saa nne kasorobo simu inaita. Namba ngeni. Bi Subiri anaiangalia, anamwangalia wifi, anapokea. Anaweka kiwiko kwenye mto.

"Shikamoo, mama. Ni wewe Bi Subiri?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Mimi ni yule fundi. Niliomba namba yako kwa sista. Samahani kama nasumbua."

"Hunisumbui. Nilikuwa nahesabu vitu vilivyohesabiwa."

Kimya. Bi Subiri hakijazi. Anafumba macho, kichwa kimeinama upande wa simu, na kwa sekunde chache mtu anaweza kumwona alivyokuwa chini ya ngazi zile, vichwa vya shaba vimejipanga mbele yake.

"Wameniambia wewe leo umepumzika mara sita," inasema sauti.

"Ndiyo. Sita kamili."

"Mimi nane."

"Leo?"

"Tangu waanze kuniuliza."

Bi Subiri anafumbua macho. Hashangai kwa sauti, wala hamgombezi.

"Umekaa au umesimama?"

"Nimesimama. Niko dukani, nimejificha nyuma ya vitambaa. Wateja hawajui."

"Basi vuta kigoda ukae. Inama mbele, viwiko magotini. Hivyo. Sasa toa hewa kama unapoza chai. Usiongee, mimi nipo."

Wifi amesimama, mikono kiunoni. "Umekatazwa simu," ananong'ona kwa ukali.

Bi Subiri anafunika kipaza sauti kwa kiganja, kwa namna ya watu wa zamani. "Nimekatazwa kupiga," anasema. "Huyu amepiga yeye. Kupokea hawajaandika popote."

Wifi anamsogezea feni.

Wanaongea dakika kumi na moja, nyingi zikiwa za kunyamaza. Bi Subiri anasema sentensi fupi, kila moja na pumzi yake, na hajaribu kuficha anapoivuta. Mwishoni anamwambia fundi afungue Kiherehere papo hapo na abonyeze nane, yeye akiwa bado kwenye laini. Fundi anasema asubuhi alishabonyeza sifuri. Anamwambia inaruhusiwa kusahihisha, wenzake wanasahihisha kila siku, kuna hata mmoja aliwahi kusahihisha wiki nzima.

Sauti inacheka kidogo. Kisha inasema, "Tayari."

"Sista atakupigia sasa hivi. Akikuuliza, usimsalimie muda mrefu."

Baada ya simu anaegemea mto, midomo imebanwa, anatoa hewa polepole. Inachukua dakika nne kurudi kawaida. Wifi anazipima kwa saa ya ukutani na kuziandika, kwa sababu daktari ataziuliza.

Jumatatu ataenda kliniki. Maji yakiwepo yatatolewa, na kama namba zitakaa chini ya sita kwa wiki moja, atarudishiwa orodha yake. Wasipompa, amesema ataomba kitu kingine: kila mpiga simu awe na mwenzake wa kumpigia, asijiangalie peke yake. Mtangazaji ameshajitolea kumchukua. Anasema amekuwa akimsikiliza bure muda mrefu.

Lakini kilicho kichwani mwa Bi Subiri mchana huu ni duka la fundi, ambalo liko mitaa mitatu kutoka hospitali. Ameshapanga na wifi. Wakitoka kwa daktari watapita huko taratibu, wakae wamwone akishona. Cherehani yake ni ya miguu, na anakanyaga kuanzia asubuhi mpaka jioni. Bi Subiri anaamini kigoda kikiinuliwa kidogo, na nguo ngumu zikishonwa asubuhi kabla hajachoka, inawezekana. Kama haiwezekani, watatafuta mota ndogo ya kufunga pembeni, hata ya mtumba.

"Ndugu zake wamemwambia afunge duka akapumzike," anasema. "Amenishika hapo kwenye simu, ananiuliza, mama, ni lazima?"

Anavaa miwani, anachukua karatasi kutoka chini ya kopo, anageuza upande usioandikwa na kuanza kuchora kigoda.

"Kwanza tuone hayo makanyagio yanamla pumzi ngapi. Hataki kuacha kazi yule. Namwelewa."